Machapisho ya Enzi ya Malkia Victoria na Historia ya Kiswahili katika Eneo la Sandoa

Utangulizi

Anayechunguza historia ya Kiswahili katika Kongo hulazimika kuanza na maandishi yaliyotolewa katika enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza (1837-1901). Katika miaka hiyo gharama za kupiga chapa zilipungua barani Ulaya, na safari za wapelelezi, wamisionari na maofisa zikazaa vitabu, misamiati na vijitabu vingi kuhusu Afrika. Makala haya yanaeleza jinsi machapisho hayo yalivyoligusa eneo la Sandoa, nchi ya Walunda na Wachokwe iliyoko kaskazini-magharibi mwa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba. Hoja yake ni kwamba machapisho hayo ni ushahidi mzuri wa njia aliyopita mwandishi na mahitaji ya msomaji wake. Hata hivyo, si kipimo cha haki cha kukipimia Kiswahili kinachosemwa Sandoa na katika kanda yote ya shaba.

Kiswahili cha pwani chaingia kitabuni

Sarufi ya J. L. Krapf iliyochapwa Tübingen mwaka 1850 ilitegemea zaidi usemi wa Mombasa. Baada ya hapo uzito ulihamia Unguja. Edward Steere alifika huko mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na misheni yao ikawa na mtambo mdogo wa kupigia chapa. Mwaka 1867 mtambo huo ulitoa kijitabu cha Steere kuhusu lugha ya Kishambala. Mwaka 1870 vilitoka London vitabu vyake viwili mashuhuri: kimoja cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili na kingine cha hadithi za Kiswahili zilizokusanywa Unguja. Kamusi ya Krapf ilifuata mwaka 1882.

Inafaa kukumbuka kwamba jina la mwongozo wa Steere linasema wazi kuwa Kiswahili kinachoelezwa ni kile kisemwacho Zanzibar. Mpaka uliowekwa na mwandishi mwenyewe ulisahauliwa kadiri miaka ilivyopita. Mwaka 1930 ilipoanzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati hiyo ilihudumia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo.

Milango miwili ya kuingilia Lualaba

Machapisho yanayohusu bonde la Lualaba na nchi za jirani yanaweza kugawanywa kwa kufuata mlango ambao mwandishi aliingilia.

Mlango wa kwanza ni wa mashariki, kwa misafara iliyotoka Bagamoyo na Unguja. Dkt. Dutrieux, aliyekuwa katika msafara wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoasisiwa na Mfalme Leopold II, alitoa msamiati wa Kifaransa na Kiswahili mjini Brussels mwaka 1880. Katika miaka ya 1890 ofisa Charles Lemaire alitoa msamiati wa lugha kadhaa ambamo Kiswahili kimeitwa lugha ya Kizanzibari, jina linaloonyesha lugha hiyo ilivyohesabiwa kuwa ya wageni katika Kongo. Joseph Moloney, daktari wa msafara wa Kapteni Stairs, alichapisha mwaka 1893 habari za safari yao ya kwenda Katanga. Ni msafara huo uliofika Bunkeya kwa Mfalme Msiri, ambaye aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Wengi wa wapagazi na askari wake waliajiriwa Unguja na pwani.

Mlango wa pili ni wa magharibi, kwa njia za Angola. Hapo ndipo Sandoa inapojitokeza, kwa kuwa Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, yako kaskazini mwake. Paul Pogge alifika Musumba akitokea Angola, na kitabu chake kuhusu dola hiyo kilitoka Berlin mwaka 1880, yaani mwaka uleule wa msamiati wa Dutrieux. Henrique de Carvalho, aliyeongoza msafara wa Wareno kwa Mwant Yav kati ya 1884 na 1888, alichapisha Lisbon mwaka 1890 kitabu cha kujifunzia lugha ya Kilunda pamoja na kingine cha mila na historia. Hata mmisionari F. S. Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886, alitokea Benguela pamoja na wafanyabiashara wa Kiovimbundu. Kitabu chake kuhusu Garenganze kilitoka London mwaka 1889.

Milango hii miwili ilikutana. V. L. Cameron, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1877, alikuta Kilemba, katika nchi ya Waluba, mfanyabiashara Juma Merikani aliyetoka mashariki na José Antonio Alvez aliyetoka magharibi. Cameron alifuatana na Alvez kuelekea magharibi, na mwishowe akafika pwani ya Atlantiki mwaka 1875.

Mafunzo kwa mtafiti

Kutokana na mgawanyo huu, mtafiti hana budi kujihadhari asidhani kwamba Kiswahili cha Sandoa kililetwa moja kwa moja na misafara ya akina Tippu Tip. Vitabu vikuu vya enzi ile kuhusu nchi ya Walunda viliandikwa kwa Kijerumani na Kireno, navyo vilijishughulisha na Kilunda. Hii haina maana kwamba hakuna msemaji wa Kiswahili aliyepita huko. Maana yake ni kwamba kuenea kwa lugha hiyo kunapaswa kutafutwa zaidi katika karne ya 20: katika kazi za migodi baada ya kuundwa kwa Union Minière mwaka 1906, katika reli, kambi za wafanyakazi na shule.

Funzo la pili lahusu yaliyomo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni katika Kongo, alionyesha kwamba misamiati ya namna hii hueleza mahusiano ya bwana na mtumishi kama inavyoeleza lugha. Iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyehitaji mpagazi, chakula na mlinzi. Mtumishi husemeshwa, ni nadra asikike akisimulia habari zake.

Mtumishi huyo alijibu baadaye. Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani katika mji wa Elisabethville, sasa Lubumbashi, walitoa kijitabu cha historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga, kilichotungwa na André Yav. Jina Yav ni la Kilunda, nacho kijitabu wakakiita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya msamiati. Fabian alikitoa pamoja na maelezo mwaka 1990.

Hitimisho

Mwanafunzi akilinganisha Kiswahili cha kijitabu hicho na mwongozo wa Steere, atakuta tofauti nyingi. Akiziita zote makosa, atakuwa ametumia kanuni za Unguja kuwahukumu watu wa Lualaba, jambo ambalo jina la kitabu cha Steere halikudai. Machapisho ya enzi ya Victoria yasomwe, basi, kwa kuulizwa maswali matatu: mwandishi aliingilia mlango upi, alimwandikia nani, na ni nani aliyenyimwa nafasi ya kusema. Maswali hayo yatakipatia Kiswahili cha Sandoa historia yake chenyewe.