Meli ya Magurudumu katika Mto Thames

Zamani za Malkia Victoria, watu wa London walipenda kusafiri mtoni kwa meli za moshi zilizosukumwa, si kwa rafadha, bali kwa magurudumu mawili makubwa yaliyowekwa ubavuni. Leo tutaeleza habari za moja, iitwayo Princess Alice.

Meli hii iliundwa Greenock, Uskochi, mwaka 1865. Urefu wake ulikuwa futi 219, na upana futi 20 tu. Ndani yake wachochezi walitia makaa ya mawe katika tanuri. Maji yakachemka, mvuke ukasukuma mitambo, na mitambo ikazungusha mtaimbo ulioshika magurudumu. Kila gurudumu lilikuwa na makafi yaliyopiga maji, mfano wa mvuvi apigavyo kafi. Chombo cha namna hii hakihitaji kina kirefu, kwa hiyo kilifaa sana mtoni.

Tangu mwaka 1867 kazi yake ilikuwa London. Ilipakia watu gatini karibu na London Bridge, ikawapeleka Gravesend na Sheerness, kisha ikawarudisha jioni. Nauli ilikuwa ndogo, hata mtu wa kazi aliweza kuwachukua mkewe na watoto wakapunge hewa.

Tarehe 3 Septemba 1878, jioni, ilikuwa ikirudi imejaa abiria. Karibu na Woolwich ikakutana na Bywell Castle, meli kubwa ya kuchukulia makaa, iliyokuwa ikishuka mto. Princess Alice ilikuwa imefuata ukingo, mahali ambapo mkondo si mkali. Kila nahodha alidhani mwenzake atapita upande mwingine. Hata walipotambua kosa, nafasi ya kukwepa haikuwapo. Princess Alice ilivunjika, ikazama kwa muda wa dakika nne hivi. Watu zaidi ya 600 walikufa. Wengi hawakujua kuogelea, tena maji machafu ya mji yalikuwa yamefunguliwa mtoni papo hapo muda mfupi kabla.

Watu husema ajali haina kinga. Lakini kanuni ilikuwapo tayari: vyombo viwili vikielekeana, kila kimoja kigeuke kulia, vipishane kushoto kwa kushoto. Mtoni kanuni hiyo haikushikwa sawasawa. Baada ya msiba ule ilitiliwa nguvu, na tangu mwaka 1887 uchafu wa mji ulianza kuchukuliwa kwa meli ukatupwe baharini.

Basi, kanuni ya njia huwalinda watu pale tu wote wawili wanaokutana wanapoijua na kuifuata.