Kusoma Maana katika Picha na Nembo

Ukiulizwa ueleze ujumbe wa picha, nembo au jalada la kitabu, usiishie kutaja unachokiona. Watahiniwa wengi huandika "kuna mwanamume, mwanamke na ngao," kisha huhamia swali linalofuata. Hapo wameeleza sura ya picha tu. Maana yake hawajaigusa. Fuata hatua nne zifuatazo. Mfano wetu ni Nembo ya Taifa ya Tanzania.

1. Taja kinachoonekana. Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, kila mmoja upande wake wa ngao. Miguuni kwa mwanamume kuna karafuu, kwa mwanamke kuna pamba. Ndani ya ngao kuna mwenge, bendera, mkuki, jembe na shoka. Chini yameandikwa maneno "Uhuru na Umoja".

2. Eleza kinachowakilishwa. Mwenge ni ishara ya uhuru na mwanga wa elimu. Mkuki ni ulinzi wa uhuru huo. Jembe na shoka ni zana ambazo wananchi hutumia kujenga nchi. Mwanamume na mwanamke pamoja huonesha ushirikiano.

3. Angalia muktadha. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kuwa rangi ina maana moja popote. Rangi nyekundu katika ngao hii ni ardhi yenye rutuba. Katika bendera ya Kenya ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Katika taa za barabarani ni amri ya kusimama. Vilevile, rangi nyeusi huashiria msiba katika mavazi ya jamii nyingi, lakini katika bendera za Tanzania na Kenya huwakilisha wananchi. Kwa hiyo ishara hupata maana kutokana na makubaliano ya jamii inayoitumia.

4. Toa ushahidi. Kila maana unayoitaja iambatane na kitu kilichomo katika picha.

Jibu dhaifu: Nembo inapendeza na inafundisha mengi.
Jibu zuri: Nembo inahimiza kufanya kazi, kwa kuwa ndani ya ngao kuna jembe na shoka.

Zingatia: Stadi hii utaihitaji hata baada ya mtihani. Mgombea akipigwa picha ameshika jembe, jembe hilo halikufika pale kwa bahati. Kabla ya kuamini bango, tangazo au picha iliyotumwa kwenye simu, jiulize: Nani ameitengeneza? Anataka niamini nini? Ameacha nini nje ya picha?

Zoezi
Chagua jalada la riwaya au tamthiliya mojawapo uliyosoma darasani.
(a) Taja vitu vitatu vinavyoonekana.
(b) Eleza maana ya kila kimoja.
(c) Onesha jinsi maana hizo zinavyohusiana na dhamira kuu ya kitabu.