Papasi na Homa Irudiayo

Miongoni mwa maradhi ambayo wanadamu huyapata kwa jamii ya kupe, yaliyozoeana mno na nyumba zetu za bara ni homa ya papasi. Na aghalabu mgonjwa wake hudhaniwa ana malaria, akapewa dawa isiyomfaa, kisha homa ikimwachia yenyewe baada ya siku chache, watu wakaisifu dawa ile.

Papasi si kama kupe wa ng'ombe, ang'ang'aniaye ngozi hata akaonekana. Mchana hujificha katika nyufa za kuta za udongo na katika vumbi la sakafu, hususan chini ya kitanda, na usiku hutoka, akamnyonya aliyelala kwa muda wa nusu saa hivi pasipo kumwamsha, kisha akarejea mafichoni. Na akikosa damu huweza kusubiri miaka. Papasi jike huvirithisha vijidudu vya homa katika mayai yake, hata nyumba iliyohamwa huweza kumdhuru mpangaji mpya.

Matabibu Dutton na Todd, waliokuwa wakiyachunguza maradhi haya huko Kongo, waliambukizwa wote wawili, na Dutton akafariki Kasongo mwaka 1905. Kijidudu cha homa hii kingali kikiitwa kwa jina lake. Mwaka huo huo tabibu Mjerumani Robert Koch, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, aliwakuta papasi katika mabanda ya wasafiri kando ya njia za misafara. Papasi hana mabawa: aliyemsafirisha ni binadamu, ndani ya mikeka na mizigo yake.

Homa hupanda ghafla, kichwa na viungo vikauma, ikatulia. Mgonjwa hudhani amepona, ilhali vijidudu vichache vilivyosalia vimebadili vazi lao la nje, kinga ya mwili isivitambue, vikazaana, na baada ya wiki moja hivi homa ikarejea. Mja mzito huweza kuharibikiwa na mimba au kumpoteza mtoto mara baada ya kumzaa, msiba ambao sioni udhuru wa kuuvumilia, maana tiba yake ni dawa za kawaida kama penisilini, mradi mgonjwa awe chini ya uangalizi wa tabibu, kwani saa za mwanzo baada ya dawa hali yake huweza kuchafuka vikali.

Kipimo cha haraka cha malaria hakikioni kijidudu hiki. Hukiona darubini, damu ikitolewa mwili ungali ukiwaka. Basi wewe ulalaye katika nyumba ya sakafu ya udongo, homa ikikurudia baada ya kupoa, nenda zahanati siku ile ile, umwambie mganga kwamba nyumbani mna papasi.