Mahindi ya Ukungu na Ini la Nguruwe

Mahindi yakiota ukungu ghalani, wafugaji wengi huona hasara kuyatupa. Husema kuwa hayafai kwa ugali, lakini nguruwe atayala. Ni kweli atayala. Bali sumu iliyomo haiishii tumboni mwake.

Sumu hiyo huitwa aflatoksini, nayo hutokana na ukungu uotao katika mahindi na karanga. Wataalamu waliitambua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa huko Uingereza mwaka wa 1960, kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika.

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na vijidudu waliomo huweza kuvunja baadhi ya sumu za ukungu kabla hazijaingia katika damu. Nguruwe hana msaada huo, maana tumbo lake ni moja, kama la mwanadamu. Sumu hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, ikaingia katika damu, na damu hiyo huipeleka moja kwa moja katika ini.

Kazi ya ini ni kuigeuza sumu ipate kutoka mwilini. Lakini aflatoksini ikigeuzwa huweza kuwa kali kuliko ilivyoingia. Sehemu yake hutoka kwa njia ya nyongo na mkojo. Sehemu nyingine hushikamana na ini na kuliharibu. Ndipo nguruwe hupoteza hamu ya kula, hukua polepole, na hushikwa upesi na maradhi mengine. Akiila kwa wingi hufa. Tena jike anyonyeshaye huipitisha katika maziwa, ikawafikia watoto wake.

Wako wanaoyachemsha mahindi hayo wakidhani yamekuwa salama. Sivyo; kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki na kati ya Kenya kwa kula mahindi yenye aflatoksini.

Basi yafaa mahindi yakaushwe mapema, hata maji yaliyomo yasizidi asilimia 13, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Yaliyokwisha kuota ukungu yasipewe mtu wala mnyama. Afadhali kupoteza gunia moja kuliko kupoteza nguruwe wote bandani.