Wauzaji wa Jumla na wa Rejareja: Mazao Yako Huenda kwa Nani

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mkulima aliyekwisha kujifunza kupanda kwa mstari na kupalilia kwa wakati wake, lakini siku ya kuuza hajui auza kwa nani. Wengi wetu humwita kila mwenye lori "tajiri", tukidhani ya kuwa wote ni wamoja. Sivyo. Wako wanunuao mali ikawa yao. Wako wanaoisimamia tu mali ya mwenzao ipate kuuzwa. Tena wako waichukuao leo na kuilipa baada ya miezi miwili. Asiyewatambua hawa aweza kupata mavuno mema na kurudi nyumbani na fedha kidogo.

Kuuza kwa jumla ni kuuza mali nyingi pamoja kwa mtu atakayeiuza tena. Kuuza kwa rejareja ni kuuza kidogo kidogo kwa mtu atakayeipika na kuila. Muuzaji wa jumla hutosheka na faida ndogo katika kila kilo, maana riziki yake hutoka katika wingi wa magunia. Wa rejareja sharti apate faida kubwa zaidi katika kila kilo, kwa sababu kilo azimalizazo kwa siku ni chache.

Wa rejareja ni wa namna nyingi. Yuko mchuuzi apitaye nyumba kwa nyumba na ungo kichwani au tenga juu ya baiskeli. Hana ghala, hununua alfajiri, na hana budi kumaliza kabla ya jua kuchwa. Yuko mwenye genge kando ya njia, ambaye katika Kenya huitwa mama mboga, auzaye kwa fungu. Yuko mwenye duka, auzaye unga, sukari na sabuni, na kuwakopesha jirani zake mpaka mwisho wa mwezi. Wako na wafanya biashara wa magulio, leo kijiji hiki na kesho kingine.

Tuseme mwenye genge amenunua tenga la nyanya zilizotoka Ilula, katika Mkoa wa Iringa. Akilifungua hukuta za chini zimepondeka. Kubwa huzipanga mafungu ya bei ya juu, ndogo huzipanga kando, zilizopasuka huziuza jioni kwa bei yoyote, na zilizooza humwagwa. Mkulima aonaye fungu la nyanya nne mjini, akaizidisha bei yake kwa nyanya zote za tenga, atapata hesabu ya kumtia hasira. Lakini hiyo ni hesabu ya nyanya zisizooza, na nyanya za namna hiyo mimi sijaziona.

Zamani kazi hizi zote ziliweza kushikwa na nyumba moja. Allidina Visram, tajiri wa Kihindi aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na maduka toka pwani hata Uganda. Maduka yake yaliuza nguo na vitu vya dukani kwa wenyeji, na papo hapo yakanunua mazao ya nchi, yakakusanywa na kupelekwa pwani. Mpaka leo mwenye duka wa kijijini mara nyingi ndiye mnunuzi wa kwanza wa mahindi yetu, naye hukata deni la sukari katika bei ya gunia. Angalia daftari lake kabla hajakata.

Sasa tuje kwa wa jumla, ambao ndio hasa mkulima hukutana nao. Wa kwanza ni mkusanyaji, apitaye vijijini na kukusanya magunia machache kila nyumba mpaka yatoshe lori. Wa pili ni mwenye ghala, anunuaye kwa fedha yake mwenyewe na kuweka mali mpaka bei ipande. Hao utawakuta katika soko la nafaka la Kibaigwa, Mkoa wa Dodoma, na wale wanunuao kwao huipeleka nafaka hata Tandale katika Dar es Salaam. Mwenye ghala akikosea kuhusu bei, hasara ni yake. Nami simwiti mlanguzi mtu aliyenunua kwa mizani ya haki na kutia fedha yake hatarini.

Wa tatu ni dalali, naye yataka uangalifu. Dalali hanunui. Humtafutia mwenye mali mnunuzi, kisha huchukua udalali wake. Nyanya zikikosa mnunuzi zikaoza, hasara ni yako wala si yake. Kwa hiyo kabla ya kupakia, uliza mambo mawili: udalali wahesabiwa kwa tenga au kwa fedha iliyopatikana, na nani atakayekuonyesha bei yenyewe iliyouziwa. Nyanya hazingoji, na dalali ajua ya kuwa hazingoji. Mwenye mahindi makavu aweza kurudi nayo nyumbani. Mwenye nyanya hawezi. Siku hizi simu yaweza kukupa bei ya mjini kabla hujachuma, nayo yakufaa kuliko kubishana nyanya zikiwa juani.

Katika mambo yote, lililo baya kuliko mengine ni lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu ya mdomo wake. Fanya hesabu hii. Ukiuza magunia 10, kila moja limeshindiliwa kilo 130, nawe walipwa kana kwamba ni kilo 100, umetoa kilo 300 bure. Hayo ni magunia matatu kamili. Mnunuzi akifika mjini huuza kwa kilo, na zile 300 huzipima zote. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na katika Kenya kanuni za mwaka 2019 zaagiza mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Wanakijiji wakichanga wanunue mizani moja, wakakubaliana ya kuwa hakuna auzaye pasipo mizani hiyo, mwenye lori hana kwingine pa kujazia lumbesa.

Liko na jambo la deni. Wafanya biashara wana desturi iitwayo mali kauli: mwenye duka dogo huchukua bidhaa kwa neno lake tu, hulipa akiisha kuuza. Kati yao yafaa, maana wanajuana. Lakini mkulima atoapo mazao kwa mali kauli, amemkopesha tajiri fedha bila riba. Hata maduka makubwa hununua kwa kulipa baadaye. Nakumatt ya Kenya, iliyokuwa na maduka mengi katika Afrika Mashariki, ilifungwa mwaka 2020 ikiwa inadaiwa fedha nyingi na watu waliokuwa wakiiletea bidhaa.

Njia nyingine ni wakulima kuwa wauzaji wa jumla wenyewe. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kuungana mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaundwa ushirika wao uitwao KNCU. Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi ghalani mwaka 2005, na korosho za Mtwara zikaanza kuuzwa kwa njia hiyo msimu wa 2007/2008: chama hupokea na kupima, korosho huwekwa ghalani, wanunuzi hushindana kwa bei mnadani. Ubaya wake ni kungoja fedha. Mwenye ada ya shule ya kulipa hushawishika kuuza kwa siri kwa mtu apitaye usiku na kopo, biashara iitwayo kangomba, nayo imekatazwa. Awezaye kungoja na aulize kwanza makato yote ya chama, ushuru, gunia na usafirishaji, ayaandike kabla ya kupeleka hata gunia moja, kisha alinganishe maandiko yake na malipo yatakapofika.