Sensa ya Joto Inapoidanganya Injini

Katika miji na vijiji vya Kenya zipo motokaa nyingi ndogo za Toyota zilizotengenezwa Japani katika miaka ya 1990, nazo zingali zikifanya kazi njema. Lakini wenyewe wengi wamekutana na ugonjwa mmoja wenye kuwamalizia fedha. Asubuhi gari halitaki kuwaka. Likiwaka latetemeka na kutoa moshi mweusi nyuma. Na petroli iliyokuwa ikitosha juma zima yakwisha siku ya nne. Mwenye gari hushauriwa kununua plagi mpya. Akiisha kuzinunua, huambiwa kwamba ni pampu ya petroli. Baada ya pampu huambiwa jambo la tatu, na ugonjwa ungalipo vilevile.

Mara nyingi mkosaji ni kitu kidogo kama kidole gumba, kilichokazwa mahali maji ya injini yapitapo. Hicho ndicho sensa ya joto ya kompyuta.

Zamani dereva mwenyewe alivuta choki injini ilipokuwa baridi, akairudisha ilipopata moto. Katika magari haya kazi hiyo hufanywa na kompyuta, lakini kompyuta haina mkono wa kugusa injini. Hutegemea habari za sensa. Ndani ya sensa mna kitu kinachouzuia umeme sana kikiwa baridi, na kuupitisha kwa urahisi kikiwa moto. Katika Toyota za namna hii, maji yakiwa na joto la digrii 20 za Selsiasi, ukinzani wake huwa baina ya omu 2,000 na 3,000. Yakifika digrii 80, hushuka hata kuwa baina ya omu 200 na 400. Kompyuta hupeleka umeme wa volti 5, ikaangalia kiasi kinachobaki, na kwa hicho hujua joto.

Basi tazama jinsi uongo unavyoingia. Kutu ya kijani ikiota katika soketi ya sensa, huongeza ukinzani. Kompyuta huona ukinzani mwingi, hudhani injini ni baridi, nayo huzidisha petroli. Gari laenda kutwa nzima kana kwamba choki imevutwa. Waya ukikatika kabisa, mambo huwa mengine: kompyuta hutambua kwamba habari zile haziwezekani, hivyo huzitupa na kuchukulia kuwa maji yana digrii 80. Gari likiwa moto laenda vizuri tu, lakini asubuhi ya baridi hukosa petroli ya kutosha, nalo hukataa kuwaka.

Hapa watu wengi hukosea, hata mafundi. Husema, “Mshale wa joto mbele ya dereva uko sawa, basi sensa ni nzima.” Sivyo. Mshale huo una sensa yake peke yake, ambayo kwa kawaida ina waya mmoja. Ile ya kompyuta ina waya mbili. Moja yaweza kufa na nyingine isijue.

Kabla ya kupima umeme, injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta uone kama maji yamejaa. Usithubutu kuifungua ikiwa moto, maana maji yaliyobanwa ndani huruka na kuunguza uso. Maji yakipungua, sensa hubaki hewani na haiwezi kusema kweli. Uliza pia kama themostati imo. Iko desturi mbaya ya kuitoa na kuitupa, ati injini isichemke. Gari lisilo na themostati likipita Limuru alfajiri huenda lisipate joto lake hata kidogo, na hapo kompyuta ikizidisha petroli haina kosa; imeambiwa kweli.

Sasa fungua kifuniko cha injini, utafute kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1, ukihakikisha kwamba hukukosea tundu, kisha washa ufunguo bila ya kuamsha injini. Taa ya injini ikimeta mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikameta tena mara mbili, hiyo ni namba 22. Namba hiyo haisemi kwamba sensa imekufa. Yasema kuna kasoro katika njia yake yote: sensa, soketi, waya, au kompyuta yenyewe. Na ikiwa sensa yasema uongo wenye kuaminika, namba haitaonekana kabisa, kwa hiyo hapana budi kupima.

Zima ufunguo, chomoa soketi, safisha kutu. Pima omu za sensa asubuhi kabla gari halijawashwa, kisha upime tena injini ikiwa moto, ukilinganisha na hesabu tulizotaja. Ikiwa mita haionyeshi njia yoyote, sensa imekatika ndani. Anayetaka hakika zaidi aweza kuitoa na kuitia ncha yake katika sufuria ya maji ya moto pamoja na kipimajoto. Mtu wa Nairobi asishangae maji yake yakichemka karibu na digrii 95, kwa kuwa mji uko juu sana. Wa Mombasa ndiye atakayeiona 100.

Sensa ikiwa njema, washa ufunguo, soketi ingali imechomolewa, upime volti baina ya waya zile mbili. Zapaswa kuwa karibu 5. Zisipokuwapo, pima kutoka kila waya hata ncha hasi ya betri. Ukipata 5 kwenye mmoja, basi ule wa pili, urudishao umeme, ndio uliokatika. Usipopata popote, fuata waya wa habari hadi kwenye kompyuta, ukiangalia hasa mahali unaposuguana na chuma au kupita karibu na ekzosi. Usiutoboe kwa pini ili kupima: maji yataingia katika tundu hilo, na baada ya miezi michache utakuwa umejitengenezea ugonjwa mpya.

Sensa mpya ikazwe injini ikiwa baridi, tena kwa kiasi, kwa sababu uzi wake ni laini. Jaza maji, toa hewa, kisha ufunguo ukiwa umezimwa chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kompyuta isahau namba ya zamani. Endesha siku mbili, uunganishe tena TE1 na E1. Taa ikimeta upesi upesi bila ya kunyamaza, njia ya sensa imepona.