Madaraja ya wapandafarasi wenye ulemavu

Wapandafarasi wenye ulemavu hushindana katika madaraja matano. Daraja la I ni la wenye ulemavu mzito zaidi na la V ni la wenye ulemavu mwepesi zaidi. Lengo ni kwamba mshindi ashinde kwa ustadi wake na maelewano yake na farasi, si kwa sababu mwili wake una nafuu kuliko wa wenzake.

Upimaji wa kuwapanga katika madaraja haya si sawa na ule wa kadi ya ulemavu. Mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa, anayetaka kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupimwa hospitalini, na kadi yake humwezesha, kwa mfano, kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Daktari wa hospitali hutazama ulemavu katika maisha yote ya mtu. Mpimaji wa michezo hutazama jambo moja tu: ulemavu unamzuia kiasi gani akiwa juu ya tandiko? Aliyekatwa mguu mmoja chini ya goti huweza kupata taabu kubwa kwenye ngazi za nyumba ndefu za Mji wa Kale, lakini juu ya farasi kiwiliwili chake ni imara na mikono yake ina nguvu, kwa hiyo hupangwa daraja la V. Mwenzake mwenye mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa huenda akatembea bila mkongojo hadi Ngome ya Yesu, ila kiwiliwili chake kikayumba kila farasi apigapo hatua. Huyo huweza kupangwa daraja la chini zaidi.

Wapimaji ni madaktari na watabibu wa viungo waliofunzwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI). Kipimo huanzia kitandani, si mgongoni mwa farasi. Nguvu ya kila msuli hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Viungo hukunjwa na kunyooshwa kuona vinafika wapi. Kisha hupimwa uwezo wa mtu kuutawala mwendo wake. Baadaye huweza kutazamwa akiwa mashindanoni. Ulemavu wa akili na uziwi havimo katika mpango huu.

Mtihani hulingana na daraja. Mchezo wenyewe ni dresaji, yaani kumwongoza farasi kwa hatua zilizopangwa huku waamuzi wakitoa alama. Daraja la I farasi hutembea tu. Madaraja ya II na III huongezwa mbio za matiti, na ya IV na V huongezwa mbio za kasi zaidi. Wanawake na wanaume hushindana pamoja.

Asiyeona kabisa huwa daraja la IV, na mwenye uoni hafifu sana huwa la V. Asiyeona hufunikwa macho, kama anavyofunikwa mkimbiaji wa daraja la T11, alilokimbia Mkenya Henry Wanyoike aliposhinda dhahabu ya mita 5,000 katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000. Uwanja wa farasi una herufi pembeni, na wasaidizi huzitaja kwa sauti ili mpandaji ajue alipo.

Vifaa vya kusaidia huruhusiwa kwa mujibu wa ulemavu: hatamu zenye vitanzi kwa asiyeweza kufumbata vidole, au mijeledi miwili badala ya miguu isiyoweza kumbonyeza farasi. Mpandaji hafungwi kwa namna itakayomzuia kutoka farasi akianguka.

Mchezo huu una historia. Mwaka 1952, mjini Helsinki, Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza miguu kwa polio na kusaidiwa kupanda, alipata medali ya fedha ya dresaji ya Olimpiki akishindana na wasio na ulemavu. Dresaji iliingia kwa kudumu katika Paralimpiki ya Atlanta, 1996, na FEI ikachukua usimamizi wa mchezo huo mwaka 2006. Lee Pearson wa Uingereza amepata dhahabu 14 za Paralimpiki.

Daraja si la milele. Maradhi yakizidi au mwili ukipata nafuu, mpandaji hupimwa upya na kupangwa panapomfaa.